Mabawa bila nyumba, nyumba bila mwenyewe: jibu kwa mwalimu wa Kasulu

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Kasulu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameleta darasani vijumba vidogo vya mchanga kutoka kijito kinachoteremkia Mto Ruchugi, na ndani ya kila kijumba kuna mdudu anayetembea nacho. Nilipotafuta habari zake nikakuta kwamba jamaa zake wa kale wana familia nzima, Vitimotauliidae, inayojulikana kwa visukuku tu. Wanafunzi wameniuliza, nami nimeshindwa: mtu anajuaje kwamba ilikuwa familia nzima na si mdudu mmoja wa ajabu? Nao walijenga vijumba kama hivi? Na sisi huku Kigoma tunaweza kuwakuta kwenye mawe yetu?"

Marahaba mwalimu, na nipelekee salamu kwa hao wa kidato cha tatu. Wamelitanguliza swali gumu kuliko yote. Mniwie radhi nilisogeze mbele kidogo, nianze na kilichomo ndani ya beseni lenu, kwa sababu bila kumwona aliye hai, huyo wa kwenye jiwe hatasomeka.

Huyo ni lava, yaani mdudu mchanga ambaye bado hajapata mabawa, wa oda (kundi kubwa la wadudu) ya Trikoptera. Jina ni la Kigiriki, "mabawa ya nywele", na kwa kuwa Kiswahili bado hakijampa jina linalotambulika pande zote, nitamwita trikoptera hivyo hivyo. Kijumba chake nitakiita ala. Neno hilo nimelichagua kwa makusudi: kama ilivyo kwa ala ya kisu, ndani umelala mwili laini usio na kinga, na nje vinabaki kichwa na miguu sita tu. Mchanga wenyewe haokoti ovyo. Lava huinua punje, huigeuzageuza kwa miguu ya mbele kama mtu anayechagua mchele, akiikataa huitupa, akiipenda huigandisha ukingoni mwa ala kwa hariri inayotoka mdomoni. Hariri hiyo ina undugu na ile ya kiwavi wa hariri, maana Trikoptera na oda ya vipepeo na nondo ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alivaa vigamba vya unga kwenye mabawa, mwingine akabaki na nywele. Ila hariri ya trikoptera ina jambo lake. Inanata ndani ya maji. Protini zake zimejaa fosfati, na fosfati hizo hushikana na kalisi iliyo majini. Waambie wanafunzi wajaribu kubandika plasta kwenye kidole kilicholowa, ndipo watamheshimu huyu fundi.

Akishakua huziba mlango na kuwa bundo, ile hatua ya kujigeuza kuwa mdudu mkomavu, humo humo. Siku ikitimia huutafuna mlango, huogelea hadi juu, hujivua ngozi na kuruka. Aliyekomaa ukimwona utadhani ni nondo mwembamba: rangi ya majani makavu, vipapasio virefu, mabawa ameyaegemeza mgongoni kama paa la nyumba. Huishi siku kadhaa, pengine wiki chache, na wengi wao hawali chochote cha maana. Wanapenda taa kupita kiasi. Nendeni mwalo wa Kibirizi asubuhi baada ya usiku wa giza, vipe vinaporudi na dagaa, mchungulie povu linalosukumwa ufukweni. Kati ya takataka zote mtaona mabawa ya wadudu wa kila aina, mabawa matupu, miili imeshaliwa. Ziwa Tanganyika lenyewe lina trikoptera wake. Mmoja, Limnoecetis tanganicae, aliandikwa na Georges Marlier mwaka 1955, naye ni wa maji ya wazi, si wa kijitoni kama wenu.

Mabawa matupu kama hayo ndiyo yaliyotuletea Vitimotauliidae.

Vitim ni mto wa Siberia. Unatokea mashariki ya Ziwa Baikal na kumwaga maji yake katika Mto Lena. Baikal watu wa Kigoma wanaifahamu, japo kwa wivu, maana ndiyo inayoizidi Tanganyika kwa kina: mita 1,642 kwa 1,470. Kwenye kingo za Vitim, mahali paitwapo Baissa, kuna matabaka ya ziwa jingine kabisa, lililokauka na kuzikwa kabla Baikal haijawa ziwa. Tope lake ni la Kretasia ya Awali, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na sasa ni mawe yanayopasuka kwa kurasa kama daftari lililolowa kisha likakauka. Wataalamu wa Taasisi ya Paleontolojia ya Moscow wameyapasua kwa miongo mingi na kutoa wadudu kwa maelfu. Mwaka 1968 mmoja wao, Irina Sukatcheva, akiwa na mabawa ya trikoptera yasiyopata mahali katika familia zilizokuwa zimeshatajwa, alitunga jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, aliyoiita Vitimotaulius, na juu yake familia. Kanuni ya majina ya wanyama inataka jina la familia lichukuliwe kwenye jenasi mojawapo na limalizikie kwa -idae, kwa hiyo huo mkia mnaouona katika Vitimotauliidae ni sare ya shule tu, kila familia ya wanyama inauvaa. Baadaye jamaa zao walionekana Mongolia, kaskazini-mashariki mwa China katika mawe ya Yixian, yale yale yaliyotupa dinosaria wenye manyoya, na hata kusini mwa Uingereza.

Kwa nini mabawa na si mwili? Mwili wa trikoptera ni chakula. Samaki anautaka, bakteria wanautaka. Bawa ni kitini kavu, ile dutu ya gamba la mdudu, halina nyama wala mafuta, hakuna anayeligombania. Likianguka katikati ya ziwa na kuzama mahali patulivu, lina nafasi. Ziwa lenu linaonyesha vizuri jinsi mambo hayo yanavyokwenda: chini ya mita 200 hivi Tanganyika haina oksijeni, hakuna mnyoo wa kufukua tope wala konokono wa kulilamba, na tope hutua karatasi juu ya karatasi bila kuvurugwa. Bawa lililofika huko limefika kwenye kabati.

Sasa lile swali gumu. Chukueni kipande cha kanga kilichochanika, ukubwa wa kiganja, kimeokotwa jalalani. Kikiwa na pindo na sehemu kidogo ya mji, mama yeyote sokoni Kasulu atawaambia hiki ni kanga, si kitenge. Akikitazama zaidi, atasema kama ni kisutu au si kisutu. Jina hajalisoma, mvaaji hajamwona, na bado hajabahatisha, kwa kuwa pindo lina utaratibu wake na mji una utaratibu wake. Bawa nalo lina utaratibu. Mishipa yake haikutapakaa kama nyufa za ukuta. Kila mmoja una mahali unapoanzia, mahali unapogawanyika, na vimishipa vya kukatisha vinavyouunganisha na jirani yake. Mwaka 1898 Comstock na Needham wa Marekani walionyesha kwamba mishipa ya wadudu wa oda mbalimbali inaweza kupewa majina ya namna moja, na tangu hapo unaweza kuliweka bawa la nondo kando ya bawa la trikoptera ukalinganisha mshipa kwa mshipa.

Kwa trikoptera jambo la kwanza ni panda, yaani pale mshipa unapochanuka kuwa miwili, kama panda ya manati. Bawa la mbele lililokamilika lina panda tano, nasi tunazihesabu kwa namba za Kirumi. Ipo ya tatu, au imepotea? Inaanzia karibu na ncha, au ndani zaidi? Kisha kuna chumba katikati ya bawa, yaani nafasi iliyozungukwa na mishipa: kimefungwa au kiko wazi, ni kirefu au kifupi. Kisha mishipa ya nyuma kabisa, karibu na kiungo, ambayo hupindana na kuungana kama kitanzi. Kitanzi hicho ndicho pindo: kinakwambia kwamba uko kwa trikoptera au kwa ndugu zao wa karibu sana. Panda na vyumba ndivyo vinavyokupeleka hadi mlango wa familia. Na rangi? Rangi mara nyingi imekwisha, ingawa mawe mengine huhifadhi mabaka meusi na meupe ya bawa hadi unasikia huruma kulipaka gundi.

Kwa hiyo waambie wanafunzi kwamba lile bawa moja la ajabu wanaloliogopa halipo. Yako mabawa mengi, ya jenasi kadhaa, kutoka nchi nne zilizo mbali mbali, yenye mpangilio unaorandana.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine haifurahishi sana. Neno "familia" lenyewe linatupotosha, maana mtu akilisikia anaona baba, mama na watoto wamezunguka sinia. Katika elimu ya viumbe ni uamuzi wa watu. Spishi iko nje, porini, hata kama sisi hatupo: mbuzi hana kitabu lakini mbuzi mwenzake anamjua. Familia haina kipimo cha maabara kinacholia kengele kwamba hapa ndipo inapoanzia. Mtafiti anaona kundi la jenasi zinazofanana vya kutosha, naye anasema: hizi nazifungia pamoja. Mwingine anakuja na kusema: umefunga vibaya.

Na kweli watu hufunga vibaya. Anton Handlirsch wa Vienna, mtu aliyefanya kazi kubwa mno katika visukuku vya wadudu, mwaka 1906 alitaja familia ya Necrotauliidae kwa mabawa ya kale zaidi, ya Triasiki na Jurasiki, vipindi vilivyoitangulia Kretasia. Miaka ikapita, na kila bawa dogo la kale lenye sura ya utrikoptera lisilo na kwao likatupiwa humo. Ikawa kapu la mchuuzi saa za jioni: nyanya mbili, bilinganya, limau, kitunguu kimoja. Walipokuja kulimwaga mezani na kulichambua, mengine yalionekana si ya trikoptera hasa, bali ni ya wadudu walioishi kabla trikoptera na vipepeo hawajaachana njia. Kwa upande mwingine ipo Taymyrelectronidae, ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya Taymyr, kaskazini kabisa ya Siberia, familia iliyotungwa juu ya jenasi moja. Hao ndio karibu na yule mdudu mmoja wa ajabu. Mimi Vitimotauliidae naiona katikati: si kapu, wala si ya mtu mmoja. Kinachobishaniwa zaidi ni nani kati ya familia zilizo hai aliye jirani yake. Darasani ningeandika ubaoni kwamba familia ya visukuku ni dai, na bawa moja likiokotwa kesho linaweza kulivunja. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanalipenda jambo hilo kuliko walimu wao, sijui kwa nini.

Walijenga ala? Hapa ndipo mkosi wa mdudu huyu ulipo. Ana maisha mawili, na jiwe huyatunza katika mafungu mawili yasiyokutana. Katika mawe ya mashariki ya Baikal na ya Mongolia, ala ni nyingi mno, za kila aina ya ufundi, lakini mwenye nyumba hayumo. Akitoka salama, ala inabaki tupu. Akifia ndani, mwili unaoza na mchanga unabaki. Na bawa ni la aliyekomaa, ambaye alishaiacha nyumba chini ya maji akaenda kufia kilomita moja kutoka hapo. Unakuwa na mabawa bila nyumba, na nyumba bila mwenyewe, ndani ya jiwe lile lile, na huwezi kuapa kwamba hii ni ya huyu.

Basi ala zikapewa majina yake zenyewe, kama nyayo za dinosaria zinavyopewa majina yasiyotegemea mifupa. Vialov na Sukatcheva walizipanga kwa malighafi. Za mchanga ni Terrindusia. Za vipande vya majani na vijiti ni Folindusia. Za makombe ni Conchindusia. Za ostrakoda, vile viumbe wadogo kama punje ya ulezi waliojifungia kwenye magamba mawili, ni Ostracindusia. Zipo hata za mifupa na magamba ya samaki, Piscindusia. Hebu fikiria lava anayejifunga nguo ya mifupa ya dagaa. Beseni lenu likigeuka jiwe leo, atakayelipasua ataandika "Terrindusia" na kwenda kunywa chai, asijue lolote kuhusu mabawa ya mwenye mali. Tena kuna mtego: lava mmoja anaweza kubadilisha malighafi anapokua, akaanza na majani akamaliza na mchanga, kwa hiyo mtu mmoja akaacha "aina" mbili za ala. Mimi ninaamini kuwa baadhi ya ala za huko zilijengwa na Vitimotauliidae, kwa sababu wote wawili wamejaa katika matabaka yale yale, lakini imani hiyo msiiandike kwenye mtihani.

Ala tunazoziamini bila wasiwasi zinaanza kuonekana katika Jurasiki. Mwaka 2016 zilitangazwa nyingine kutoka Brazil, za Permi ya Awali, kipindi cha kabla ya Triasiki, za kale zaidi kwa mbali, na tena ndani ya mawe ya bahari. Nimezitazama picha zake mara nyingi na bado nakuna kichwa.

Ala zikizidi zinakuwa mwamba. Huko Auvergne, Ufaransa, kuna chokaa iliyojaa ala za trikoptera zilizofunikwa kwa konokono wadogo sana wa maji. Charles Lyell, mwanajiolojia wa Uingereza, aliandika kwamba ala moja huweza kuwa na konokono zaidi ya 100. Wyoming, Marekani, kando ya ziwa la kale la Eosini, kipindi cha baada ya Kretasia, ala na utando wa bakteria vilijenga pamoja marundo makubwa ya chokaa, na Korea Kusini kuna ya namna hiyo ya Kretasia ya Awali. Kama kuna mwanafunzi amewahi kupiga mbizi kwenye miamba ya Tanganyika akaona yale mawe ya mviringo yaliyojengwa na bakteria, tabaka juu ya tabaka, basi na ayafikirie yakiwa yamechanganywa na maelfu ya vijumba kama vya beseni lenu.

Na nyumba bila mwenyewe si habari ya ughaibuni peke yake. Katika Bonde la Rukwa, kusini mwenu, vimepatikana vichuguu vya miaka milioni 25 vyenye bustani za uyoga za mchwa zilizogeuka jiwe. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016, na ni ushahidi wa kale kuliko wowote wa mchwa wakulima. Ushahidi wenyewe ni shamba, si mkulima.

Kuhusu mawe ya Kigoma, nitasema moja kwa moja ili msipoteze Jumamosi nzima na nyundo. Yale mawe mekundu ya mchanga mnayoyaona kuanzia Manyovu hadi Uvinza yana zaidi ya miaka milioni 600. Wakati yanatua hapakuwa na mnyama yeyote nchi kavu. Wadudu wa kale tunaowajua, wa Rhynie huko Scotland, wana kama miaka milioni 400. Mtakachokuta ni mikunjo ya mawimbi, mizuri kweli, na mara nyingine michoro myeusi kama majani ya kangaga ndani ya nyufa. Hiyo ni manganizi iliyopenya na maji. Mzee mmoja aliniletea jiwe la namna hiyo limefungwa kwenye leso, alilitunza miaka kadhaa akiamini ni mmea wa kale, nami nikamwambia ukweli haraka haraka kabla hajakaa vizuri. Hadi leo najilaumu. Ningemwachia kwanza anywe maji.

Tabora hali ni hiyo hiyo, kwa sababu mwingi wa mwamba wake ni matale ya kale zaidi. Vilima vya Igwisi, magharibi ya mkoa huo, vina kosa la kinyume: ni volkano ya juzi, miaka 12,000 hivi. Mahali pa kutazama kwa Tanzania ni Mahenge, Singida, ambako ziwa lilikaa ndani ya kreta miaka milioni 46 iliyopita. Humo wamo samaki jamii ya perege, chura na popo, na tope lake ni la kurasa nyembamba kama inavyotakiwa. Lakini kwa Vitimotauliidae hata huko mmechelewa, maana kwenye mawe ya baada ya Kretasia hawaonekani tena. Na kabla mtu hajawauzia "kaharabu ya dinosaria" yenye mdudu ndani, dondosheeni tone la spiriti. Ikianza kunata ni sandarusi ya pwani, utomvu wa msandarusi, changa mno, na bei yake ishuke.

Hamkuuliza walikwisha kwa nini, ila mtauliza. Wanafunzi watakimbilia kimondo cha miaka milioni 66 iliyopita, kwa sababu ndicho wanachokijua. Ila wadudu wa maziwa ya kale walianza kubadilika mapema zaidi, katikati ya Kretasia. Vladimir Zherikhin wa Moscow aliihusisha misukosuko ya wakati huo na kuenea kwa mimea ya maua. Mantiki ya upande wa maziwa ni hii: majani ya mikangaga na misonobari huoza polepole, ya mimea ya maua huoza upesi. Majani laini yakianza kumiminika ziwani, maji yanapata mbolea, mwani unastawi, ukifa unazama, na kuoza kwake kunamaliza oksijeni ya chini. Lava wa trikoptera anapumua kupitia ngozi na matamvua laini, bila oksijeni hana ujanja. Maelezo haya nayapenda, ila nayapenda kwa kiasi, maana mito haikukosa oksijeni na huko trikoptera waliendelea vizuri. Leo wametajwa zaidi ya spishi 16,000. Kwa sehemu kubwa, hao wenu wanashika njia ile ya mitoni.

Ndiyo maana nina wasiwasi na beseni. Lava wa kijito kinachokwenda kasi amezoea maji baridi yanayopita. Kwenye maji yaliyosimama darasani, saa sita mchana, atakufa kwa kukosa hewa huku watoto wakidhani amelala. Tumieni beseni pana lenye maji kina cha vidole vitatu, ya kijito chenyewe na si ya bomba yenye klorini, likae kivulini, na mbadilishe maji asubuhi na jioni. Wekeni jiwe moja lenye utelezi wa mwani na majani machache yaliyoanza kuoza.

Mkitaka kumwona akijenga, msivunje ala. Chukueni bua laini la nyasi, mliingize kwa upole nyuma, kwenye lile tundu dogo, naye atatembea mbele hadi atoke. Mwekeni kwenye kibakuli chenye vumbi la tofali jekundu na maganda ya mayai yaliyopondwa, na msikilize kelele za darasa zikinyamaza zenyewe. Ndani ya saa chache atakuwa amejifunga mkanda wa kwanza kiunoni, punje nyekundu, punje nyeupe. Ala yake ya zamani iacheni pembeni. Wengine huighairi kazi na kurudia ile ya kwanza. Baada ya siku mbili mrudisheni kijitoni na joho lake la rangi mbili, pale pale mlipomtoa, chini ya jiwe, upande usiopigwa na maji moja kwa moja.